Jumamosi Tulipomwombea Bupe

Kakao inapovundikwa chini ya majani ya migomba hutoa harufu ya uchachu na utamu kwa pamoja, kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Kwa watu wazima wa kwetu Ngonga hiyo ni harufu ya kazi, ya kuamka mapema na kurudi na mikono iliyonata. Kwangu mimi ni harufu ya Jumamosi. Uwanja wa kanisa letu ulipakana na shamba la kakao la mzee mmoja wa kanisa, na upepo wa kutoka ziwani ulipoanza kuvuma baada ya saa nne, harufu ile ilivuka michongoma ikatukuta tumeshapanga mstari, miguu mitupu kwenye nyasi zilizofyekwa jana yake, tukisubiri filimbi. Nilikuwa na miaka minane. Masika ilikuwa inaelekea ukingoni, mpunga umeanza kupiga rangi ya njano, na maji yaliyokuwa yamejaa mabondeni yalikuwa yakirudi taratibu mitoni yakituachia matope mazito.

Ligi yetu iliitwa Ligi ya Watoto, ingawa haikuwa na bingwa, haikuwa na kikombe, na magoli hayakuhesabiwa. Yalikuwepo makanisa manne: letu, mawili ya upande wa Talatala, na moja la Katumba Songwe ambalo watoto wake waliletwa wamejaa kwenye tela la trekta, wakiimba tangu mbali. Mwenye ligi alikuwa Mama Gwantwa, mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, mama mnene mwenye sauti laini aliyekuwa akishona majoho ya kwaya. Siku sita za wiki alivaa kandambili. Jumamosi alivaa raba nyeupe chini ya kitenge, na shingoni alining'iniza filimbi kwa uzi mwekundu wa sufu. Alichana majoho ya zamani yaliyochakaa akapata vitambaa vya rangi nne, tukavifunga mkononi, na hivyo ndivyo tulivyojua nani ni wa kundi gani. Alituchanganya kwa makusudi. Mtoto wa Ngonga alijikuta kundi moja na mtoto wa Katumba Songwe, na wazazi waliokuja kushangilia kanisa lao hawakujua washangilie wapi.

Siku moja baba mmoja alimuuliza ni ligi gani hiyo isiyo na mshindi. Mama Gwantwa alimjibu bila kuacha kufunga kitambaa mkononi mwa mtoto, "Hawa watapimwa shuleni, watapimwa kazini, watapimwa mpaka wachoke. Jumamosi waacheni wapumzike, tata," akimaanisha baba kwa Kinyakyusa.

Pamoja na kutohesabu magoli, alikuwa na sharti lingine, na hilo ndilo lililonitesa: kabla kundi halijapiga golini, kila mtoto wa kundi lile awe ameugusa mpira kwa mguu. Tulikuwa saba saba. Ukiwa na watoto sita wepesi na mmoja asiyejua, basi wote mnamsubiri yule mmoja. Kwenye kundi langu, la kitambaa cha zambarau, yule mmoja alikuwa Bupe.

Bupe alikuwa mjukuu wa bibi mmoja jirani yetu. Mama yake aliolewa na Mkisi, mtu wa kabila la ufukweni mwa ziwa, akajifunza ufinyanzi kwa mama mkwe wake, na msimu ule alikuwa amemleta mtoto kwa bibi yake amsaidie kufukuza ndege kwenye mpunga. Alikuwa na miaka saba, mdogo kwa umbo, mtaratibu. Kinyakyusa chake kilikuwa na lafudhi ya Kikisi na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, kwa hiyo mara nyingi alinyamaza. Mpira ulipomfikia, alifanya jambo ambalo sijamwona mtoto mwingine akilifanya. Aliinama, akaudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani kama kitu kinachoweza kuvunjika. Watoto wa kundi pinzani walicheka. Sisi wa zambarau tuliguna. Mama Gwantwa hakuwahi kupiga filimbi kwa ajili hiyo. Alimsogelea tu na kumwambia, "Weka chini, mama. Sasa piga kwa mguu." Bupe aliuweka chini kwa uangalifu mkubwa, na hadi alipoupiga, wapinzani walikuwa wamekwisha kujipanga wote.

Mimi nilikuwa na mbio. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mbio zile zimekwisha siku nyingi. Na ingawa hakuna aliyeandika magoli, kila mtoto uwanjani aliyajua. Tuliyahesabu kimoyomoyo, tukayataja kwa kunong'ona njiani kurudi nyumbani. Magoli yangu yalikuwa machache kuliko nilivyoamini nastahili, na nilijua ni kwa sababu ya nani.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai huko Rungwe. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi miwili, na akija alifika Jumamosi saa ambayo michezo imekwisha, akaondoka Jumapili baada ya ibada. Hakuwahi kuniona nikicheza. Nilimsimulia tu, naye alisikiliza akitafuna mhogo, akitikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali. Kisha wiki moja ikaja salamu kwamba amepata ruhusa, atafika Ijumaa, na Jumamosi atakuja uwanjani.

Ijumaa ile nilipotoka shule sikwenda nyumbani. Nilipita kwenye majaruba ya mpunga mpaka kwenye kichanja cha miti ambacho Bupe alikuwa amekaa juu yake, akivuta kamba iliyofungwa makopo. Alipoivuta, makopo yaligongana na kundi la ndege liliruka kwa pamoja. Nilisimama chini nikamwambia, "Bupe, kesho hakuna michezo. Mama Gwantwa amesafiri kwenda mjini."

Alinitazama. Nakumbuka alikuwa na kipande cha muwa mdomoni, akakitoa.

"Hakuna?"

"Hakuna. Mpaka Jumamosi nyingine."

"Haya," alisema. Halafu akaongeza, "Ndaga," akinishukuru kwa kumpa taarifa, akageukia ndege wake. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Asubuhi baba alivaa shati lake jeupe, lile la ibada. Alikaa kwenye benchi pamoja na wazee, baiskeli yake imeegemezwa ukutani nyuma yake, na kila nilipogeuka nilimwona ananitazama. Mama Gwantwa alifungua daftari lake akaita majina, kama alivyofanya kila Jumamosi, jina moja moja, akisubiri jibu. Alipofika kwa Bupe pakawa kimya.

"Bupe yuko wapi? Sekela, ninyi ni majirani."

Ningeweza kusema sijui. Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikusema sijui. Nilisema, "Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

Mama Gwantwa alisema maskini, akaandika kitu daftarini, akatupatia mtoto mwingine ajaze nafasi, mvulana wa Talatala mwenye miguu mirefu. Tukaanza. Sitaki kudanganya tena katika habari hii, kwa hiyo nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Mpira ulipita kwa watoto saba haraka kuliko ilivyowahi kutokea, miguu kwa miguu, na kila uliponirudia mimi njia ilikuwa wazi mpaka kwenye milingoti ya mianzi. Nilifunga magoli matatu. La tatu lilipoingia baba alisimama kwenye benchi, mtu mzima, fundi wa mitambo, akapiga makofi na kupunga kofia, na wazee walio pembeni yake wakacheka kwa kumfurahia. Nilihisi kifua kinataka kupasuka. Hapakuwa na nafasi hata ya tone la majuto mle ndani.

Majuto yalikuja na sala. Mwisho wa michezo tulikaa chini, tukala ndizi mbivu, tukaimba, na Mama Gwantwa akasema tufumbe macho tumwombee mwenzetu Bupe ambaye ni mgonjwa. Aliomba kwa muda mrefu. Alimwomba Mungu aliguse tumbo la mtoto yule, amwondolee maumivu, ampe usingizi. Nilifumbua jicho moja nikamwona baba amevua kofia, ameinamisha kichwa, na midomo yake inasema amina.

Nilidhani yameishia pale. Lakini Mama Gwantwa alijifuta majani kwenye kitenge, akajitwika mkungu wa ndizi uliobaki, akasema, "Haya, twendeni tukamwone mgonjwa. Si mbali."

Kwetu hilo halikuwa jambo la kujadili. Mtu akiugua, anatembelewa. Tulikuwa watoto kama kumi na wawili kwenye kijia kile, Mama Gwantwa mbele na mkungu kichwani, baba nyuma akisukuma baiskeli, na mimi katikati. Kushoto mpunga, kulia migomba, mbele nyumba ya bibi yake Bupe ikikaribia hatua kwa hatua. Nilianza kubaki nyuma. Baba akanifikia.

"Umeumia mguu?"

"Hapana, baba."

"Umechoka. Umekimbia sana leo." Akaniwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa mzito kuliko mkungu.

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo. Bupe alikuwa amechuchumaa kando ya mkeka ulioanikwa mpunga wa mwaka jana, ana fimbo, anafukuza kuku. Hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Mama Gwantwa na bibi walisalimiana kwa Kinyakyusa, salamu ile ndefu isiyoacha mtu wala shamba, na mimi nikawa naomba isiishe. Ikaisha.

"Tumesikia mtoto tumbo linamsumbua," alisema Mama Gwantwa. "Tumekuja kumpa pole."

Bibi aliweka ungo chini. Alimtazama mjukuu wake. Bupe alinitazama mimi. Kuku mmoja alipanda mkekani akadonoa mpunga, na hakuna aliyemfukuza.

"Ndiyo," Bupe alisema kwa sauti ya chini, akaweka kiganja tumboni. "Lilikuwa linauma. Sasa limepoa."

Bibi alipokea ndizi kwa mikono miwili, akasema ndaga fijo, asante sana, akaingia ndani kuziweka. Mama Gwantwa akashukuru Mungu kwa kusikia maombi yetu upesi hivyo, akasema basi tumalizie kazi, akatuita sote tumzunguke Bupe tumwekee mikono. Mikono kumi na miwili. Wangu ulifika kichwani kwake. Nywele zake zilikuwa na pumba za mpunga na joto la jua, na nilihisi chini ya vidole vyangu jinsi alivyotulia, hatikisiki, akituacha tumwombee.

Mchana ule nyumbani baba alimsimulia mama magoli yangu. Alisimama jikoni akaonyesha kwa mguu jinsi nilivyompita mtoto wa Katumba Songwe, karibu aipige sufuria ya wali, mama akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikaanza kulia. Baba alidhani nalia kwa sababu kesho anaondoka, akanivuta kwake, na hilo likawa baya zaidi. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye kichanja. Nilisema haraka haraka nikitazama vifungo vya shati lake.

Nilisubiri kofi, na nadhani kofi lingenisaidia. Aliuliza tu, "Mama Gwantwa anajua?"

"Hapana."

"Na bibi yake?"

"Sijui."

"Vaa kandambili. Twende."

Jua lilikuwa bado juu tulipofika. Baba alimsalimia bibi, akasema, "Mama, huyu binti yangu ana neno la kukuambia." Nilifungua mdomo, lakini bibi alinyanyua mkono.

"Neno lake nalijua, kwamba mtoto hakuumwa," alisema. "Mama Gwantwa mwenyewe alipita hapa jana jioni kurudisha kinu changu. Akamwambia huyu mtoto asichelewe kesho. Asubuhi nikamwamsha, nikamwambia nenda kwenye michezo, akakataa. Kwa nini, mwulizeni mwenyewe. Mimi hajaniambia."

Bupe alikuwa bado kwenye mkeka wake. Baba alichuchumaa mbele yake, shati lake jeupe likagusa vumbi.

"Ulijua michezo ipo?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukuja, mwanangu?"

Alichora na fimbo yake chini kwa muda. Kisha akasema, maneno yake machache ya Kiswahili akiyapanga moja baada ya jingine, "Sekela alitaka baba yake amwone. Mimi nikiwepo, mpira unakwama."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua ikinyesha mpunga hauanikwi. Nimesikia maneno mengi ya kuumiza maishani mwangu, mengine niliyastahili, lakini hakuna lililowahi kuniingia kama lile, mpira unakwama. Nilimwomba msamaha. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Nakumbuka kwamba alionekana kuaibika kwa niaba yangu, akaangalia pembeni.

Baba aliinuka. Aliuliza kama pale nyumbani kuna mpira. Hakukuwa nao. Akaenda kwenye migomba, akachuna maganda makavu, akayasokota na kuyafunga kwa kamba za migomba hiyo hiyo mpaka yakawa duara, kazi ya mikono iliyozoea mitambo. Akakunja mikono ya shati, akasimama katikati ya ua.

"Mimi kesho naondoka," alimwambia Bupe. "Na wewe sijakuona ukicheza. Njoo."

Tulicheza watatu. Baba alinipa mimi, nikampa Bupe, na Bupe akaudaka kwa mikono akaukumbatia. Baba hakumwambia auweke chini. Alisimama akisubiri, mikono kiunoni, kana kwamba ana siku nzima. Bupe alituangalia, akauachia, akaupiga kwa ncha ya kidole kikubwa cha mguu. Mpira ulipaa ukatua katikati ya mkeka, mpunga ukarukia pande zote, kuku wakatawanyika, na bibi akatugombeza sisi wote watatu, baba yangu akiwa wa kwanza. Kisha akaanza kucheka kwa sauti nyembamba ya kizee, Bupe akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kusikia kicheko chake.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza Mama Gwantwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi ndefu. Nadhani aliumia zaidi kwa ajili ya ile sala. Adhabu yake ilikuwa kunikabidhi daftari la majina. Tangu siku ile mimi ndiye niliyeita, na kwa kila jina lisilojibiwa nilitakiwa kwenda na yeye mpaka nyumbani kwa mtoto kabla sijala chakula cha mchana. Hivyo nilijua nyumba zote. Nilijua nani ana malaria, nani amezuiwa shambani, nani ameficha kwamba kaptula yake ya pekee imechanika. Bupe hakuacha kudaka mpira mpaka msimu ule ulipokwisha. Sisi wa zambarau ndio tuliojifunza kumsubiri, na wiki za mwisho tulimsubiri bila kuguna. Mpunga ulipovunwa mama yake alikuja kumchukua, akamwachia bibi vyungu viwili na sisi akatuachia kimoja. Siku hizi Bupe anaishi ufukweni, ni mfinyanzi kama mama yake, ana watoto wanne, na tukipigiana simu huwa tunazungumza habari za watoto tu.

Mimi naishi Mbeya. Binti yangu ana miaka tisa na anacheza kwenye kituo cha michezo cha watoto. Wana jezi zenye namba mgongoni, wana viatu, wana kocha kijana anayeijua kazi yake. Kila Jumamosi jioni msimamo wa ligi hutumwa kwenye kundi la wazazi kwenye simu, nani ameshinda, nani amefunga mangapi, na mimi pia huufungua haraka na kutafuta jina la mwanangu. Sisemi kwamba yetu ilikuwa bora kwa kila kitu. Binti yangu anapenda kushinda, anafundishwa vizuri kuliko nilivyofundishwa, na sijamwona akimdanganya mtu.

Ila mwezi uliopita mtoto mmoja wa timu yao aliacha kuja. Jumamosi moja, ya pili, ya tatu. Namba yake ya mgongoni ikapewa mwingine. Nilimuuliza kocha, akasema kwa upole kwamba hajui, pengine wamehama. Niliuliza kwenye kundi la wazazi, wengi waliona ujumbe, hakuna aliyejibu. Binti yangu alijua tu kwamba wanaishi upande wa juu wa soko, karibu na mashine ya kusaga. Jumatano baada ya shule tulikwenda sisi wawili, tukauliza duka hadi duka, mpaka tukaonyeshwa geti la bluu. Tulipiga hodi. Mama wa mtoto alifungua nusu, akatutazama, akauliza kama kuna tatizo lolote. Nikamwambia hakuna, tumekuja tu kumwona mtoto, hatujamwona siku nyingi. Alimwangalia binti yangu. Kisha akafungua geti lote, akasogeza viatu vilivyokuwa mlangoni ili tupate pa kupita.